Joto la Kompyuta ya Mama

Wiki mbili zilizopita kompyuta ya mezani ya ofisini kwetu ilikataa kuwaka. Fundi akaja, akailaza ubavu juu ya meza yangu, akafungua mfuniko wake, na kabla sijaona kilichomo ndani harufu ilikuwa imeshanifikia. Aliyewahi kuinusa hawezi kuisahau: vumbi lililokaangika, plastiki iliyopata moto, na chini yake kitu kinachokaribia nywele zilizoungua. Fundi akatania, "Huyu alikuwa na homa kali." Wenzangu wakacheka. Mimi nikasema naenda kuchukua maji ya kunywa, nikasimama kwenye korido mpaka alipomaliza kazi yake. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, nikawa nafuta machozi kwa ncha ya mtandio na kumwambia kila anayepita kwamba ni mafua.

Tulio wa rika moja tunakumbuka enzi ambazo mtaa mzima ulikuwa na kompyuta moja. Ya mtaa wetu, Utemini, ilikuwa ya mama yangu. Aliinunua baada ya kuuza alizeti za misimu miwili, akaiweka chumba cha mbele, na ukutani kwa nje akaandikisha kwa rangi ya bluu kwamba hapa tunachapa barua, mitihani na kadi za harusi. Baba alikuwa dereva wa lori, nyumbani alikuwa mgeni wa siku mbili kwa mwezi, kwa hiyo ile mashine ndiyo iliyotupa sauti mtaani. Watu wazima walivua viatu mlangoni walipokuja kuchapisha barua. Nilijiona mtoto wa maana sana.

Anayeijua Singida anaujua upepo wake. Unavuma asubuhi hadi jioni, unaingiza vumbi kwenye chumvi, kwenye masikio, kwenye shuka ulizoanua sasa hivi. Mama aliamini kwamba adui wa kompyuta ni vumbi na hana adui mwingine, kwa hiyo alifunika kila kitu. Kioo kilivaa kitambaa cha kufuma kama zilivyovaa redio zote za mtaani, kibodi ililala chini ya taulo, printa ilipewa kanga kuukuu. Sanduku lenyewe, ambalo sote tuliliita sipiyu, lilikaa chini ya meza juu ya kigoda, na meza ilitandikwa kitambaa cha maua kilichoshuka mpaka sakafuni. Wateja walimsifu kwa usafi. Hatukuwa na habari kwamba mashine nayo inahitaji hewa.

Dada Paulina alikuja kukaa kwetu mwaka ule alipomaliza kidato cha nne. Alikuwa mtoto wa mama mkubwa, dada yake mama, kutoka kijiji kimoja cha mbele ya Ikungi, na matokeo yake hayakumfikisha popote. Mama akasema aje ajifunze kuchapa. Halafu ikatokea nafasi: zahanati moja ya Shelui ilikuwa inatafuta karani wa kuchapa, na mama alikuwa amepeleka jina la Paulina kwa mganga mkuu wa pale. Angekwenda siku ya Alhamisi fulani kufanya jaribio, na atakayechapa haraka bila makosa ndiye angepata kazi. Nyumba nzima ilikuwa inaishi kwa kuingoja Alhamisi hiyo.

Alijifunza kwa bidii inayoumiza kuitazama. Mashine ilikuwa imeshazeeka, kwa hiyo mama alimruhusu lisaa limoja tu kwa siku, baada ya chakula cha mchana. Muda uliobaki alichapa hewani. Alichapa juu ya ndoo, juu ya goti lake, na jioni tukisubiri ugali uive alinichapia mgongoni maneno nami nikawa nayakisia. Nilikuwa sipatii hata moja, lakini nilipenda vidole vyake vikitembea mgongoni, ndiyo maana nilikuwa namwambia arudie. Nilikuwa na miaka tisa na sikuwa na dada wa kuzaliwa naye. Nilimpenda sana. Naandika hivyo mapema ili anayesoma asije akadhani nilimfanyia nilichomfanyia kwa chuki.

Mambo yalianza na bodaboda. Nilikuwa na kuku wangu mwenyewe, mwekundu, niliyepewa na mama mkubwa, na alikuwa ametotoa vifaranga watano, wote wa njano. Asubuhi moja bodaboda ikampitia mbele ya nyumba. Dada Paulina akamuwahi kwa kisu kabla hajakata roho, akamnyonyoa kwenye mlango wa nyuma, na kwa upepo ule manyoya mekundu yalitapakaa uani mpaka kwa jirani. Mchana tulimla. Nililia na kula, kula na kulia, na Dada Paulina akanipa firigisi ambayo kwa kawaida ilikuwa haki ya baba, ili ninyamaze.

Vifaranga hawakunyamaza. Walizunguka uani wakilia kwa ile sauti nyembamba inayochoma, wakijibana kila kona isiyo na upepo. Nikamuuliza Dada Paulina watakula nini bila mama yao.

"Kula watakula wenyewe," akasema. "Shida yao ni baridi. Kwetu tunawaweka kwenye kikapu karibu na mafiga. Hapa mnapikia mkaa, na mama mdogo akishaivisha anauzima. Watafutie joto, mdogo wangu, la sivyo kesho huna hata mmoja."

Basi nikaenda kutafuta joto, na nililipata chini ya meza.

Mle ndani, nyuma ya kitambaa cha maua, ndimo ilimokuwa nyumba yangu. Dada Paulina alipojifunza, mimi nilikaa miguuni pake na wanasesere wangu wa magunzi, na siku zote kulikuwa na upepo wa uvuguvugu unaotoka mgongoni mwa sipiyu na kunipiga kwenye miundi. Niliujua upepo ule kama ninavyojua joto la tumbo la kuku anayeatamia, ukipenyeza mkono kumwibia yai. Nikawaza kwamba hili ni joto linalopotea bure. Nikachukua boksi tupu la karatasi za kuchapia, nikatandika matambara, nikawapanga vifaranga wangu watano na kiganja cha mashudu ya alizeti, nikalisukuma boksi katikati ya ukuta na sipiyu, midomo ya vifaranga ikielekea kwenye ule upepo. Kisha nikachukua ile kanga ya printa nikafunika boksi pamoja na mgongo wa sipiyu, joto lisitoroke. Dakika chache tu, kimya. Walikuwa wamelala vichwa chini. Sijawahi kujivunia kitu chochote maishani kama nilivyojivunia kimya kile, na nimeshapata digrii.

Tatizo lilikuwa moja. Lisaa la Dada Paulina likiisha, mashine inazimwa, joto linakwisha, na vifaranga wanaanza tena. Nikajifunza kumbembeleza.

"Dada, usizime. Endelea kidogo."

"Muda wangu umeisha."

"Kidogo tu. Napenda unavyochapa bila kuangalia vidole."

Alicheka, akafunika mdomo kwa kiganja. Sidhani kama alikuwa amewahi kusifiwa na mtu tangu matokeo yake yatoke. "Kweli napendeza?" akauliza. Nikamwambia anachapa kuliko mama. Akaendelea. Wiki ile mama alikuwa anatoka kila siku baada ya chakula, mara kupeleka mitihani Ikungi, mara kufuata wateja siku ya mnada, na mimi kila siku nilimwomba Dada Paulina aendelee kidogo, na kila siku kidogo ilirefuka. Mashine ikizimwa nilisubiri aende jikoni, nikawahamishia vifaranga chini ya kitanda, ndani ya sweta langu la shule.

Siku ya nne feni ilibadilika sauti. Ilikuwa inakoroma.

"Leo mbona inalia hivi?" akauliza Dada Paulina kutoka juu.

"Labda ni upepo wa nje," nikajibu kutoka chini.

Nilifunua kanga kuchungulia. Vifaranga walikuwa wameachama midomo, wanahema kwa haraka. Nikadhani wana njaa, nikawaongezea mashudu.

Siku ya tano kioo kilizimika ghafla katikati ya neno. Ikaja ile harufu. Nilivuta boksi pamoja na kanga, nikatoka nyuma ya meza nikiwa nimevipakata tumboni, nikapitia mlango wa uani, na niliporudi Dada Paulina alikuwa amepiga magoti na kufunua kitambaa. Aligusa sipiyu akarudisha mkono haraka. Akabonyeza kitufe. Taa ya kijani iliwaka, feni ikajikongoja nusu mzunguko, ikanyamaza. Akabonyeza tena. Akachomoa waya, akahesabu mpaka mia, akachomeka.

"Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu, mama mdogo."

Mama aliporudi alijaribu kila kitu anachoweza kujaribu mtu ambaye riziki yake imezima. Alihamisha waya kwenye soketi ya chumbani. Aliipiga kofi ubavuni kama tulivyopiga redio. Akaleta ungo, na sisi watatu tukapokezana kuipepea kama mkaa, mimi nikiwa mpepeaji mwenye bidii kuliko wote. Asubuhi yake iliwaka. Tulipiga kelele za furaha. Ikafika kwenye picha ya milima, ikakaa kama dakika kumi, ikazima, na baada ya hapo haikuonyesha hata ile taa. Ndani yake kulikuwa na mitihani ya shule nzima ambayo ilikuwa haijatolewa kwenye karatasi.

Ndipo mama akakaa kwenye kiti na kumwita Dada Paulina asimame mbele yake.

"Jana iliwaka kuanzia saa ngapi?"

"Saa nane, mama mdogo."

"Mpaka?"

"Mpaka ilipozima. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja."

"Na juzi?"

"Juzi pia hivyo hivyo."

"Nilikwambia ukae muda gani?"

"Lisaa limoja."

"Sasa nani alikupa ruhusa?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Dada Paulina alinitazama mara moja tu, akatazama sakafu. Angeweza kusema, "Mtoto aliniomba." Lingekuwa neno la kweli na lingempunguzia mzigo. Hakulisema. Alisema, "Hakuna. Nisamehe, mama mdogo."

Mama alikuwa na hasira za watu wapole, zile zinazokuja mara moja kwa mwaka na hazisikii. Alichukua simu, akampigia mama mkubwa pale pale, mbele yetu, akamwambia mambo mazito: kwamba mwanao hasikii, kwamba amenitia hasara na aibu, kwamba mtu asiyeweza kufuata neno moja mimi siwezi kumpeleka Shelui akanichafulie jina. Jumamosi Dada Paulina akapanda basi la kurudi kwao. Pale stendi aliinama akanifunga kifungo cha sweta. "Waangalie vifaranga wako," akasema.

Nataka niseme ukweli kuhusu nilichokuwa nakijua siku ile, maana nimejitetea nacho miaka mingi. Sikujua kwamba joto ndilo lililoiua. Nilikuwa naamini kinyume chake. Kuku anayeatamia hukonda, kila mtu kwetu anajua; anatoa joto lake kwa mayai mpaka anabaki mifupa. Mimi niliamini vifaranga wangu wameimaliza kompyuta joto. Wamelinyonya lote, na sasa imelala baridi kama mama yao sufuriani. Nikaamua kwamba nikiwaweka mbali nayo siku chache, itapata nguvu, itaamka, na Dada Paulina atarudi. Kwa hiyo kunyamaza kwangu mwanzoni kulikuwa kungoja. Vifaranga nao walikufa mmoja mmoja chini ya kitanda, kwa kuwa sikuwa na joto lingine la kuwapa, nikawazika nyuma ya choo bila kumwambia mtu.

Fundi Msengi alikuja Jumanne. Alikuwa bwana mfupi mwenye kipara na maneno mengi, na alikuwa anashughulikia mashine za nusu ya mji, ndiyo maana alichelewa. Alinipa tochi nimmulikie, akafungua skrubu kwa bisibisi, akavuta mfuniko. Ile harufu ikatoka yote. Akachungulia, akaguna, akachukua kibano na kuanza kuvuta kitu kutoka kwenye feni. Alivuta, kikaja kingine, akavuta tena. Akaviweka juu ya karatasi nyeupe. Vilikuwa vishungi vya manyoya mepesi, yameshikana na vumbi na unga wa mashudu.

"Mama, humu mnafuga?" akacheka. "Mashine haijafa hii. Feni imekwama, joto likakosa pa kutokea, likajaa humu humu mpaka ikajizima. Sapulai, hii inayoipa umeme, nayo imeungua, lakini ninayo nyingine kwenye begi. Joto, mama! Joto ndilo linaloua hizi mashine, siyo vumbi peke yake. Kitambaa chako kizuri, ila unainyonga."

Joto halikuwa limeisha. Lilikuwa limezidi, na nililiziba mimi, kwa boksi na kwa kanga, na lilikuwa limemchoma Dada Paulina na kumrudisha kijijini.

Mama alisogea. Aliokota kishungi kimoja, akakisugua kati ya vidole viwili, akakitazama kwa muda. Halafu akanigeukia.

"Paulina siku ile alinyonyolea kuku mlangoni, si ndiyo? Manyoya yakaingia ndani. Wewe uliona?"

Alikuwa ameniuliza kwa upole. Fundi Msengi alikuwa anasubiri na brashi mkononi. Sasa nilikuwa naujua ukweli wote, sikuwa na utoto wa kujifichia, na neno lilikuwa moja tu la kusema.

"Ndiyo," nikasema. "Niliona."

Fundi akapiga brashi, akapuliza, akasugua vidude vya ndani kwa kifutio cha shule, akafungua feni yenyewe na kuipaka chini yake dawa nyeupe kama ya meno. Akachomeka. Mashine ikalia bip moja safi, na picha ya milima ikatokea. Mama akasema ashukuriwe Mungu. Ilikuwa Jumanne, na jaribio la Shelui lilikuwa Alhamisi. Kutoka Ikungi kuja Singida mjini ni safari fupi. Mashine ilikuwa imepona, siku mbili zilikuwa zimebaki, simu ilikuwa mezani, nami nilikuwa nazunguka pale mezani kama inzi. Jumatano ikaja ikapita. Alhamisi nilijifanya naumwa tumbo, sikwenda shule, nikakaa chini ya meza nimekumbatia magoti mpaka jioni. Mama alichapa mitihani yake juu yangu. Hakuniuliza nina nini.

Dada Paulina hakurudi tena kujifunza. Aliolewa mwaka uliofuata, analima alizeti, ana watoto wanne, na kila tunapokutana kwenye misiba na harusi ananishika uso kwa mikono miwili kama mimi bado ni yule yule. Amewahi kunifungashia unga, karanga, na mara mbili kuku mzima. Nilikuwa napokea. Njiani nilikuwa najisemea kwamba ana furaha, ana mume mwema, mambo yalikuwa yamepangwa hivyo. Mtu mwenye hatia hakosi maneno ya kujiambia, na mimi niliyasema mpaka yakachakaa. Nimesoma, nina ofisi, kuna meza yenye jina langu, na hakuna siku niliyoiwasha kompyuta asubuhi bila kuusikia mwili wangu ukisubiri kukamatwa.

Baada ya yule fundi wa ofisini sikuweza tena. Jumamosi nilikwenda Utemini. Mama amezeeka, magoti yanamsumbua, kile chumba cha mbele sasa kimepangishwa kwa mshona nguo. Nilimkuta uani anapepeta mtama. Nikamsalimia, nikakaa, nikasema kabla ujasiri haujanitoroka.

"Mama, ile kompyuta ya zamani niliiunguza mimi. Niliweka vifaranga nyuma yake."

Hakunyanyua kichwa. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Manyoya yalikuwa ya njano. Kuku wako alikuwa mwekundu." Akapuliza makapi. "Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ambayo watu na kuku wanalala pamoja. Utanifundisha nini kuhusu manyoya ya kifaranga?"

"Sasa mbona uliniuliza?"

Ungo ulisimama.

"Nilitaka useme ndiyo," akasema.

Nilikuwa nimekuja kutua mzigo, na kumbe tulikuwa tumeubeba wawili, kila mmoja akidhani mwenzake hana habari.

"Nilikuwa nimeshampigia dada yangu," akaendelea. "Nimeshamtukania mtoto. Ni mkubwa wangu yule, ndiye aliyenilea. Ningempigia tena nimwambie nini? Kwamba aliyeharibu ni wa kwangu? Ningemtazama kwa uso gani?"

"Zilikuwa zimebaki siku mbili, mama."

"Nilizihesabu."

Nilimkasirikia. Dakika ile nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, na hasira haikuwa na mahali pa kukaa kwa sababu kila nilichotaka kumwambia kilinihusu na mimi. Tulikaa hivyo, yeye na mtama wake, mimi na mkoba wangu wa mjini. Mwisho akafuta mikono kwenye kitenge, akasema, "Mpigie."

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, nikamshikisha simu.

"Shikamoo, mama mdogo," sauti ya Dada Paulina ikaja, ya furaha.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Mvua zimefika?"

Wakaongea kuhusu mvua. Wakaongea kuhusu magoti ya mama, na alizeti, na mtoto wa mwisho anayeota meno. Kwetu mtu mzima haombi msamaha kwa mtoto aliyemlea. Akikosea atakuongezea nyama, atakuita kwa jina la utani, nawe utaelewa. Sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo likitoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mama akafungua mdomo, akaufunga, akanirudishia simu.

"Dada, shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona sauti hiyo? Kuna msiba?"

"Hakuna. Nilitaka kukwambia habari ya ile kompyuta."

"Kompyuta gani?"

Naungama kwamba nilipata nafuu. Kwa pumzi moja nilitumaini amesahau, kwamba ni sisi tu tulioikuza. Kisha akasema polepole, "Ile ya Shelui?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa anaiita. Miaka yote hii.

"Ndiyo. Haikuungua kwa sababu ulichapa muda mrefu. Nilikuwa nimeweka vifaranga nyuma yake, nikaziba kwa kanga. Nilikuomba uendelee kuchapa ili wapate joto. Na fundi alipokuta manyoya, nilisema ni wewe. Ni mimi, dada. Haikuwa wewe."

Nilisikia mlango ukifunguliwa, nyayo, kisha upepo. Alikuwa ametoka nje.

"Rudia," akasema.

Nikarudia yote.

"Mimi nilijua ni mimi," akasema. Hakuwa analia. Alikuwa anaongea kama mtu anayesoma kitu kwa mara ya kwanza. "Watoto wananicheka humu ndani. Simu ikipata moto kidogo mkononi mwangu, naizima. Mwalimu mkuu alitaka nikasaidie kuchapa pale shuleni kwao, nikakataa. Nikasema mimi naharibu vitu vya watu."

Mama alinyoosha mkono akaichukua simu kutoka kwangu. Nilidhani anataka kuikata. Aliishika kwa mikono miwili, karibu na mdomo, kama ilivyokuwa desturi yake tangu simu za zamani.

"Paulina," akasema. "Mwanangu. Nilijua. Nilijua siku ile ile, na sikukuita. Nisamehe."

Upande wa Dada Paulina ulisikika upepo tu. Sekunde zilikuwa zinaendelea kuhesabika kwenye kioo, na hakuna kati yetu watatu aliyekata simu.